Msaada wa kutambua: vidude vya ajabu kwenye magogo, msitu wa Magamba. Ni uyoga au ni nini?

MgoshiWaSoni

Wakuu kwema? Naombeni msaada kwa wanaoelewa mambo ya misitu. Mimi natembeza wageni huku Lushoto na masika ya safari hii yamekolea kweli, kila gogo lililolala porini lina kitu kimeota juu yake. Uyoga tunaujua, tumekua nao, ila kuna hivi vidude vingine mgeni akiniuliza nabaki nachekacheka tu maana jina sina. Picha zinagoma kupanda, mtandao wa huku ni wa kubahatisha, ngoja nieleze kwa maneno.

Kuna hiki cha njano. Njano kali. Kilikuwa kwenye lundo la pumba za mbao pale wanapopasulia magogo nje ya hifadhi, upana wake sahani ya wali inafunikwa, asubuhi kilikuwa laini kinameta halafu pembeni kina vishipa vishipa, jioni napita tena kimesogea, jamani KIMESOGEA, kimetoka kwenye pumba kimepanda juu ya banzi. Kesho yake nakikuta kimetulia kimekuwa ganda kavu la kikahawia, nimelichokoa na kijiti ndani ni vumbi jeusi tii. Vijana wa pale wakasema huyu bosi wetu katupiwa kitu, wakakimwagia mafuta ya taa.

Halafu kuna vitu vya mviringo, vya pinki, vimekaa kikundi kwenye gogo lililooza, kimoja hakizidi sentimita. Ukikibonyeza kinapasuka kinatoa uji mzito wa pinki. Vingine gogo hilohilo vimeshakuwa vya kijivu na ndani ni vumbi tupu.

Kingine ni vinywele vya kahawia vimesimama wima vimebanana, urefu kama sentimita moja na nusu, kila kimoja chini kina kamguu keusi kanang'aa. Na chini ya gome nimeona mtandao wa rangi ya dhahabu umejisokota huku na huku umeshikana wenyewe kwa wenyewe. Mwisho kuna vya rangi ya chungwa vinatokeza kwenye nyufa za nguzo ya uzio, laini, ukivuta vinanyumbuka havikatiki haraka.

Hivi vyote ni kitu kimoja? Vina sumu? Nisije nikamwambia mgeni ashike kikamdhuru.

Kibubu_Tanga

Mkuu kitu kinatembea chenyewe halafu bado uko hapohapo unachokoa na kijiti?? Mimi ningeshafika Mombo saa hizo.

Mama Majani

Mgoshi pole na kazi, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta picha zenye ukungu halafu wanasema "hii nini". Mimi nafundisha baiolojia na hawa viumbe ndio ugonjwa wangu, kwa hiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Vinne vya kwanza ni ukungu ute, kitaalamu miksomisetesi. Cha tano siyo, nitakirudia. Na pamoja na jina la ukungu siyo ukungu wala uyoga. Zamani waliwekwa kundi moja na kuvu kwa sababu wanatoa spora, yaani lile vumbi la kuzaliana, lakini mwaka 1859 Mjerumani Anton de Bary akaangalia wanavyoishi akasema hawa wako karibu zaidi na wanyama wadogowadogo, akawapa jina Mycetozoa. Siku hizi wanawekwa na akina amiba. Uyoga unatandaza nyuzi ndani ya mti na kumeng'enya chakula hukohuko nje ya mwili, huyu yeye anatambaa na kumeza bakteria, hamira na spora za kuvu. Gogo lenyewe hali, anakula wanaolila gogo.

Sasa hiyo ya njano, ni Fuligo septica karibu kwa uhakika wote. Ule ute wote uliouona, upana wa sahani, ni seli MOJA. Viini ndani ni vingi sana lakini hakuna kuta za kuvigawa. Ikishiba na hali ikibadilika inatoka kwenye giza inapanda sehemu kavu yenye hewa, ndio huko kwenye banzi, inajigeuza yote kuwa ganda la chokaa lenye spora nyeusi ndani. Kwa hiyo hukuona vitu viwili, uliona maisha yake mpaka mwisho. Pumba za mbao, maranda, matandazo ya bustani, huko ndiko inakopenda. Waingereza na Wamarekani wanaiita matapishi ya mbwa, na ikiwa mbichi kwa kweli inaonekana kama mayai yaliyovurugwa yakamwagika.

Hao vijana wa mafuta ya taa wasione haya, mwaka 1973 huko Garland, Texas, watu walitaharuki kwa ajili ya hii hii Fuligo iliyotokea kwenye nyasi za nyumba, ikaingia mpaka magazetini kabla wataalamu hawajasema ni nini. Kuimwagia kitu ni kupoteza mafuta, siku mbili tatu inakuwa imeisha yenyewe. Ikiwa mlangoni na inakukera, chota na koleo ukatupe kwenye mboji. Ila mwenye pumu asiichokoe ikishakauka, lile vumbi linaweza kumwamshia. Sumu ya kugusa hakuna. Kula usile, ingawa Meksiko kuna watu huko Veracruz wanaikaanga ikiwa bado changa, wenyewe wana mazoea yao, na hii kitu inajulikana kwa kulimbikiza zinki mwilini kwa wingi.

Za pinki ni Lycogala, kwenye vitabu vingi utaikuta kama Lycogala epidendrum. Hiyo ndiyo ukungu ute wa kwanza kabisa kuelezwa kwenye kitabu, Mjerumani mmoja Thomas Panckow, mwaka 1654, aliiita kuvu inayokua haraka. Uji wa pinki ni spora ambazo hazijakomaa. Zikikomaa ngozi inakuwa ya kijivu au kahawia na inatoka vumbi kwa juu. Wengi wanadhani ni uyoga mdogo wa vumbi, lakini uyoga ule ukiupasua ukiwa mchanga ndani ni nyama nyeupe imara, hautoi uji wa pinki. Wataalamu siku hizi wanasema jina hilo moja limeficha spishi nyingi, kwa hiyo kwenye daftari lako andika Lycogala tu utulie.

Vinywele vya kahawia ni Stemonitis. Mtandao wa dhahabu chini ya gome ni Hemitrichia serpula, hiyo wala usihangaike, hakuna nyingine inayofanana nayo kirahisi, na nchi za joto ni ya kawaida.

Sasa vya rangi ya chungwa kwenye nguzo. Umesema vinanyumbuka. Hapo ndipo vimejitaja. Ukungu ute ukiwa ute, ukigusa unapasuka na kuchafua kidole, na ukikomaa unakuwa vumbi, hakuna hatua ambayo unavutika na kurudi. Hivyo ni uyoga wa kweli jamii ya zile zenye mwili wa jeli, nadhani Dacryopinax spathularia, unapenda mbao zilizokaa juani na mvuani, nguzo, madirisha, benchi. Jua likiwaka unasinyaa unakuwa mwekundu mgumu, mvua ikirudi unavimba tena palepale. Uangalie wiki ijayo utaukuta. Fuligo hutaikuta.

Jambo moja nakuomba Mgoshi na wengine wote mnaopenda kubahatisha: ute peke yake usiupe jina. Ute wa njano wako wengi, mweupe nao wako wengi. Jina liko kwenye kile kinachobaki baada ya kukomaa, rangi ya vumbi lake, kama kina mguu, mguu una rangi gani, ndani kuna nyuzi au hakuna, kuna chokaa au hakuna. Subiri siku moja mbili.

Msee wa Karura

Mama Majani amemaliza. Mimi niko Nairobi, natembea msitu wa Karura kila nikipata nafasi, na hizo Stemonitis ziko mob wakati wa mvua. Swali tu, Stemonitis gani? Huko iNaturalist, ile tovuti ya kuweka picha za viumbe ili watambuliwe, watu wanaweka Stemonitis axifera kila mahali juu ya picha ya simu na wengine wanakubali, inapanda daraja kabisa, inaonekana imethibitishwa.

Pia niongeze njia ya kuhifadhi coz najua Mgoshi hana maabara. Kiberiti. Lile boksi la njiti za kuwasha jiko. Unakata kipande kidogo cha ganda au kijiti penye hiyo kitu, unaweka tone la gundi ndani ya droo ya boksi, pale chini, unabandika kipande, unaacha wazi kwa kivuli hadi ikauke vizuri ndio unafunga. Hakigongi kuta, hakivunjiki hata ukipanda matatu. Juu unaandika tarehe, mahali, na imeota kwa nini, yaani gogo la mti gani, ama majani, ama mavi ya ng'ombe, coz kuna zingine zinakaa kwa mavi pekee. Usiweke kwa karatasi ya nailoni, hiyo inatoa jasho na kesho utakuta ukungu wa kawaida umekula kila kitu. Pia kuna vijidudu vidogo, mende wengine wanakula spora za hizi vitu tu, so ukifika nyumbani weka boksi kwa friza siku kadhaa kama uko nayo.

Maboksi si mambo ya kienyeji hata. Kulikuwa na Mjapani anaitwa Minakata Kumagusu, mtu wa hizi ukungu maisha yake yote, mwaka wa 1929 alialikwa kumwonyesha mfalme Hirohito mkusanyiko wake, maana mfalme mwenyewe alikuwa anapenda biolojia, na Minakata akampelekea sampuli 110 kwa maboksi matupu ya peremende za karameli. Kuna moja imepewa jina lake, Minakatella, yule aliyempa heshima hiyo ni Gulielma Lister wa Uingereza.

Mzee Mkavu

Nimesoma yote. Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Swali langu ni la mtu wa kawaida. Kitu si mmea, si mnyama, si uyoga, hakina macho, hakina ubongo, halafu kinajua kutoka kwenye pumba kwenda kwenye banzi. Kinajuaje? Mnatufundisha sayansi au mnatuthibitishia yale ya wale vijana?

Chidi wa Toulouse

Marahaba mzee, yaani shikamoo, umenishika pabaya hapo 😂

Nipo Ufaransa na huku hiki kiumbe ni maarufu kuliko wabunge, wanakiita blobu. Wanachofuga wao ni ndugu yake, Physarum polycephalum, naye wa njano. Ukimweka chini ya lenzi unaona ule ujiuji ndani ya vishipa unakimbia upande mmoja, unasimama, unarudi nyuma, unasimama, unaenda tena, kila baada ya dakika moja hivi unageuza. Hiyo ndiyo inamtembeza mzee. Upande uliogusa chakula vishipa vinadunda haraka na kupanuka, ujiuji mwingi unaenda huko. Upande uliogusa chumvi au mwanga vinapunguza, mwili unahamia kwingine. Hakuna anayeamua, kila kipande kinaitikia kilichopo mbele yake na jumla yake ni safari. Mwendo wa kawaida sentimita moja kwa saa, akiwa na njaa anaongeza.

Mjapani Nakagaki na wenzake mwaka 2000 walimweka kwenye kijumba cha vichochoro chenye oti kwenye milango miwili, akajivuta kote kisha akaondoa mwili kwenye njia ndefu akabaki kwenye ile fupi. Mwaka 2010 wakapanga punje za oti mahali ilipo miji inayozunguka Tokyo, wakamweka yeye pale palipo Tokyo yenyewe, akachora mtandao unaolingana kwa ubora na ule wa reli wa kweli. Ndani ya siku moja na kitu.

Hapa Toulouse kuna mtafiti anaitwa Audrey Dussutour ndiye aliyewafanya watu wampende blobu, mwaka 2019 zoo ya Paris ikamweka blobu kwenye maonyesho, na 2021 blobu akapelekwa mpaka kituo cha anga cha kimataifa akiwa na mwanaanga Thomas Pesquet, huku chini maelfu ya shule wanafanya jaribio hilohilo darasani na kulinganisha. Alisafirishwa akiwa amekauka. Hilo mzee ndilo mimi linanishangaza kuliko la reli: maji yakiisha anajikausha anakuwa kigamba kigumu, unamweka kwenye karatasi kabatini miezi, ukimdondoshea maji anaamka anaanza kutafuta chakula.

Kwa hiyo uchawi hapana. Lakini kushangaa ruksa.

Mzee Mkavu

Nimekuelewa kijana. Kwa hiyo anayekimwagia mafuta ya taa anaua kitu kinachojua njia ya mkato.

Mama Majani

Msee wa Karura umeuliza swali zuri na jibu langu halitakupendeza: kwa picha ya simu, Stemonitis ishia hapohapo. Axifera na fusca ni spishi mbili za Stemonitis, na zote mbili utaziona zimesimama vichaka vya kahawia kwenye gogo hilohilo la kuoza. Rangi ya ute inasaidia kidogo ukibahatika kuukuta, fusca huanza mweupe na axifera mara nyingi wa njano, lakini cha kukata maneno ni spora. Kwenye hadubini spora za fusca zina wavu uliochorwa juu yake, za axifera ni ndogo na karibu laini. Kama hukuangalia spora hukuitambua, umeipenda tu.

Msee wa Karura

Sikubaliani 100%. Ukiwa na picha ya ute, picha ya kesho yake, na urefu umepimwa kando ya sarafu, unaweza kusema "karibu axifera" na hiyo data bado inasaidia mtu. Tukingoja kila mtu awe na hadubini huku Afrika Mashariki tutakaa na ramani tupu milele. Ni wangapi wanaangalia hizi vitu kutoka Mombasa hadi Kisumu?

Mama Majani

"Karibu axifera" nakubali. "Axifera" bila karibu, hapana. Na hilo la ramani tupu nakuunga mkono, ndiyo maana nataka zile chache tunazoweka ziwe za kuaminika.

MgoshiWaSoni

Wakuu asanteni sana, sikutegemea. Leo nimepita na Wadachi wawili nimewaambia hiyo njano ni seli moja wakabisha, tukafungua simu wakanyamaza 😂

Ila nina kingine. Kwenye majani makavu yaliyolowa chini ya mti mkubwa wa mkulo, nimeona vidoti vya bluu vinavyong'aa, ukigeuza kichwa vinakuwa zambarau, ukigeuza tena shaba. Vidogo mno, milimita moja au mbili na mguu wake. Bila lenzi ya mgeni nisingeviona. Vimepanda mpaka kwenye shina la kajani kabichi kando yake. Nichukue kwenye kiberiti?

Mama Majani

Eeeh hicho sasa ndicho kizuri. Kabla ya kiberiti, hapo chini ya mkulo ni ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia au nje? Ndani usichukue hata jani, omba kibali kwa watu wa TFS, wakala wa misitu, wewe unaingiza wageni pale usije ukaharibu kazi yako kwa ajili ya kidoti. Piga picha tu. Kuchukua, chukua kwenye mashamba na pale kwa wapasuaji mbao.

Kwa maelezo yako kuna majina mawili. Rangi ile siyo rangi kwa maana ya rangi, ni kangozi kembamba mno kanachezea mwanga, ndiyo maana inabadilika ukigeuza kichwa. Zote mbili zinayo. Kinachozitenganisha ni mguu. Mguu ukiwa mweupe umejaa chokaa ni Diachea leucopodia, na kupanda kwenye majani makavu na vijani vibichi vya chini ni tabia yake kabisa. Mguu ukiwa mweusi au kahawia iliyoiva basi tuanze kuongea habari za Lamproderma, na hapo nitakusumbua sana.

Msee wa Karura

Piga kwa upande, sio kwa juu, ndio mguu uonekane. Lala chini kabisa, tochi ya simu nyingine ishikwe na mtu kutoka kando, hiyo mwanga ya mbele inafanya kila kitu iwe bapa. Kuna zile lenzi ndogo za kubana kwa simu, ni bei nafuu, hiyo ingekusaidia sana kuliko kungoja wageni.

MgoshiWaSoni

Ni ndani ya hifadhi Mama, sichukui. Nakumbuka mguu ulikuwa mweupe lakini sitaki kuapa. Mvua ikikatika naenda na mdogo wangu ashike tochi.

Mama Majani

Nendeni mapema, kabla mvua nzito haijavipiga, ile ngozi ikishapasuka mng'ao wote unaondoka. Na upige picha hilo jani lenyewe pia, nijue ni la mti gani.